HAMISHA NYUMBANI KWAKO KABLA KAFE HAIJAKUFUTIA KAZI

Najua wengine mmeshaanza kuuliza nimepotelea wapi, na wengine mkadhani nimeacha kublogu nimekwenda kulima alizeti. Hapana, nipo hapa hapa Mandewa, Singida. Nilikuwa nimenuna tu. Leo hasira zimepungua, kwa hiyo nawaletea somo lililonigharimu shilingi elfu thelathini na aibu juu yake.

Mnajua mimi ni mtoto wa kidato cha nne, sina digrii ya kompyuta. Nilichonacho nimekiokota kwenye intaneti kafe, saa moja hapa, nusu saa pale. Kwa hiyo mtaalamu ukiona nimekosea mahali, sahihisha kwenye maoni, usinitukane.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Mama mmoja mtaani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, alinipa kazi. Ana madaftari matatu yenye majina ya wanachama, namba za simu, nani kakopa nini na nani karejesha kiasi gani. Anataka vyote viingie kwenye kompyuta, na yale majina yaliyoandikwa mara mbili mbili yaondolewe. Tukakubaliana elfu thelathini. Nikaenda kafe siku nne mfululizo, naandika ndani ya lile dirisha jeusi la Git Bash, maana nimezoea amri zake. Kupanga majina kwa alfabeti ni amri moja. Kutafuta yaliyojirudia ni amri moja:

sort majina.txt | uniq -d

Raha tupu. Mafaili yangu nilikuwa nayaweka "nyumbani", yaani pale dirisha linapofungukia. Siku tatu za kwanza nilikuwa nanakili kwenda kwenye flashi kabla ya kuondoka. Siku ya nne, siku ya kumaliza, nilipomaliza kurekebisha kila kitu na kuyaunganisha yote kwenye faili moja jipya, nikataka kuwa mjanja. Nikasema nitanakili mwisho kabisa, tena nikaifuta ile ya zamani kwenye flashi ili nisichanganye. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka safi kama imetoka dukani. Nyumbani kwangu hakuna kitu. Hata folda haipo.

Nikamwita mhudumu. Akacheka. "Wewe kijana, hizi mashine zimegandishwa. Zikizima zikiwaka zinarudi vilevile."

Kumbe! Na lile daftari la kwanza nilikuwa nimesharudisha kwa mama, likaenda kwa katibu wao kijijini. Fikiria mwenyewe nilivyotembea kurudi nyumbani siku hiyo.

Sasa tuingie kwenye somo. Swali ni moja tu: hiyo "nyumbani" ni wapi, na unaihamishaje?

NYUMBANI NI WAPI?

Kwenye mifumo ya familia ya Unix, yaani Linux, Mac, na hata vile vijidirisha vinavyoiga Unix ndani ya Windows, kila mtumiaji ana folda yake moja inayoitwa ya nyumbani. Wanaotafsiri kitaalamu huita saraka ya nyumbani, mimi nitasema folda ili tuelewane wote. Ukiandika cd peke yake, bila kutaja unakwenda wapi, unarudishwa huko. Ile alama ya kiwimbi ~ nayo maana yake ni huko huko.

Mnajua kwa nini ni kiwimbi? Miaka ya 1970 kulikuwa na kifaa cha kuandikia kinaitwa ADM-3A cha kampuni ya Lear Siegler. Kwenye kibodi yake, kile kitufe chenye kiwimbi ndicho kilichoandikwa pia neno la Kiingereza la nyumbani. Watu wakazoea, na sisi tumerithi hadi leo, ingawa kifaa chenyewe wengi wetu hatujawahi kukiona.

Na Unix yenyewe ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao. Zamani hizo nyumba za watumiaji zilikuwa ndani ya /usr. Baadaye /usr ikajaa vitu vya mfumo, watu wakahamishiwa /home, ambako ndiko Linux nyingi zinaweka hadi leo. Mac inaweka /Users. Windows inaweka C:\Users. Kwa hiyo kuhama nyumba si dhambi wala si jambo geni, hata mababu wa Unix walihama.

Ukitaka kujua nyumbani kwako ni wapi sasa hivi, andika:

echo $HOME

Kwenye Linux unaweza kupata /home/neema. Kwenye Git Bash ya kafe unapata kitu kama /c/Users/Mteja. Hiyo c hapo ndiyo habari mbaya, nitaeleza.

VITU VIWILI, SI KIMOJA

Hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwemo. Nyumbani kwako kumeandikwa sehemu mbili tofauti.

Ya kwanza ni daftari la mfumo. Kwenye Linux ni faili linaitwa /etc/passwd. Jina linatisha lakini siku hizi nywila hazikai humo. Ukitaka kuona mstari wako, andika:

getent passwd neema

Utapata kitu kama hiki:

neema:x:1001:1001:Neema:/home/neema:/bin/bash

Hesabu vipande vilivyotenganishwa na nukta mbili, viko saba. Cha kwanza jina la kuingilia, cha pili ile x ya kuonyesha nywila iko kwingine, cha tatu namba yako, cha nne namba ya kundi lako, cha tano maelezo, cha sita NYUMBANI, cha saba sheli utakayopewa ukiingia.

Ya pili ni kigeu kinachoitwa HOME. Kigeu ni kama kisanduku chenye jina, ndani kimewekewa neno. Unapoingia kwenye mfumo, programu ya kukupokea inasoma kile kipande cha sita kwenye daftari, inakiandika ndani ya kisanduku HOME, halafu sheli yako inakirithi. Na kila programu utakayoifungua kutoka kwenye sheli hiyo inarithi pia, kama mtoto anavyorithi ukoo. Mpango huu wa HOME upo tangu Unix toleo la saba, mwaka 1979.

Kwa hiyo ukibadilisha kisanduku peke yake, umebadilisha kwa dirisha lile na watoto wake tu. Ukifungua dirisha jingine, limerudi la zamani. Ukibadilisha daftari, umebadilisha kwa siku zote, lakini madirisha yaliyokuwa wazi hayatajua mpaka utoke uingie upya.

Jaribu mwenyewe uone tofauti, haiharibu kitu:

HOME=/tmp bash
echo ~
echo ~neema
exit

Ya kwanza itakupa /tmp, maana kiwimbi peke yake kinasoma kisanduku. Ya pili itakupa /home/neema, maana kiwimbi chenye jina la mtu kinasoma daftari. Ukielewa hapo, umeelewa nusu ya makala hii.

Na kuna programu ambazo hazijali kisanduku kabisa. Mfano ni ssh kwenye Linux. Yenyewe inaangalia daftari. Ndiyo maana unaweza kubadilisha HOME, ukaweka funguo zako huko kupya, halafu ssh ikaendelea kuzitafuta kule kwa zamani, ukabaki unashangaa.

KAFE INAKUUA MARA MBILI

Kompyuta za kafe ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza zimegandishwa, kwa programu kama Deep Freeze. Mwenye kafe anaweka mashine vizuri, anaigandisha, halafu kila inapowashwa upya inarudi ilivyokuwa siku ile. Virusi vinafutika, michezo ya watoto inafutika, na kazi yako inafutika. Kwa mwenye kafe ni akili sana, simlaumu. Kosa lilikuwa langu kutouliza. Kwa kawaida kinachogandishwa ni C:, na nyumbani kwa Git Bash ni C:. Sasa unaona kwa nini ile c ilikuwa habari mbaya.

Aina ya pili hazijagandishwa. Hapo unafurahi, kesho unakuta mafaili yako yapo. Lakini na mwingine anayakuta! Na si mafaili uliyoandika tu. Nyumbani kunajaa vitu vilivyojificha, majina yao yanaanza na nukta, na ukiandika ls peke yake huvioni. Andika ls -a uone. Kuna .bash_history, ambayo ni orodha ya amri ulizoandika. Kuna .gitconfig yenye jina na barua pepe yako. Kuna .ssh yenye funguo. Na kama umemwambia Git akumbuke nywila yako kwa ile njia rahisi ya store, kuna .git-credentials ambamo nywila au tokeni imeandikwa wazi kabisa, mtu anaisoma kama gazeti.

Mimi nilikuwa na majina ya akina mama, simu zao na madeni yao. Fikiria kama mashine ingekuwa ya aina ya pili. Yaani afadhali yalifutika! Mtaani kwetu mtu akijua fulani anadaiwa, jioni imefika mpaka sokoni. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za watu si mali yako ya kuacha acha ovyo.

Dawa ya yote mawili ni moja: nyumbani kwako kuwe kwenye kitu unachoondoka nacho.

NJIA YA KAFE: NYUMBA KWENYE FLASHI

Git kwa ajili ya Windows ina toleo la kubeba, linaitwa PortableGit. Halihitaji kusakinishwa, unalifungua ndani ya flashi na linafanya kazi. Lakini angalia mtego: programu iko kwenye flashi, ila nyumbani bado inakwenda C:\Users. Git Bash inaangalia kwanza kama kisanduku HOME kimewekwa. Kama hakijawekwa, inachukua nyumba ya Windows. Kwa hiyo tunakiweka wenyewe, kabla haijawaka.

Kuna watu watakwambia utumie amri ya setx:

setx HOME D:\nyumbani

Hiyo ni nzuri kwa kompyuta yako ya nyumbani. Inaandika ndani ya Windows moja kwa moja, ukifungua dirisha JIPYA inafanya kazi. Kwa kafe haifai, sababu mbili. Kwanza, inapoandika ni C:, ambayo imegandishwa, ukiwasha upya imefutika. Pili, leo flashi yako inaitwa E, kesho kwenye mashine ya jirani inaitwa F au G.

Suluhisho ni kijifaili kidogo. Fungua Notepad, andika mistari hii, ihifadhi kwenye flashi, nje ya folda zote, kwa jina anza.bat:

@echo off
set "HOME=%~d0\nyumbani"
if not exist "%HOME%" mkdir "%HOME%"
start "" "%~d0\PortableGit\git-bash.exe" --cd-to-home

Siri iko kwenye %~d0. Maana yake ni "herufi ya diski ambamo faili hili limo". Flashi ikiitwa E inakuwa E:, ikiitwa G inakuwa G:. Mstari wa pili unaweka kisanduku, wa tatu unajenga folda kama haipo, wa nne unawasha Git Bash na kuiambia ianzie nyumbani. Unabofya anza.bat mara mbili, basi.

Hakikisha kwa echo $HOME. Ukiona /e/nyumbani au /g/nyumbani, umehama. Ukiona /c/, umekosea mahali, USIANZE KAZI. Mimi sasa hivi hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza kila nikikaa, kabla hata ya kufungua barua pepe.

Kama wewe ni mtu wa Cygwin, mambo ni tofauti kidogo. Tangu matoleo ya mwaka 2015, Cygwin ina faili lake /etc/nsswitch.conf, unaongeza mstari huu:

db_home: /cygdrive/d/nyumbani/%U

Hiyo %U inajaza jina la mtumiaji. Funga madirisha YOTE ya Cygwin, fungua upya. Angalizo: kama ndani ya Cygwin yako kuna /etc/passwd ya enzi zile, hiyo inasomwa kwanza, kwa hiyo mstari wako mpya utaonekana kama haufanyi kazi. Wengi wamelia hapo.

NJIA YA LINUX: KOMPYUTA YAKO MWENYEWE

Kuna mdau aliniuliza, ana kompyuta ya mtumba yenye Ubuntu, diski ndogo imejaa, ameongeza diski ya pili, anataka nyumbani kuhamie huko. Hongera kaka. Kwanza NAKILI MAFAILI YAKO MUHIMU PEMBENI. Sina utani.

Kuhamisha mtumiaji mmoja ni amri moja:

sudo usermod -d /data/neema -m neema

Ile -d inabadilisha kipande cha sita kwenye daftari. Ile -m inabeba vitu kutoka nyumba ya zamani kupeleka mpya. Ukisahau -m, anwani inabadilika lakini vyombo vinabaki kule, ukiingia unakuta nyumba tupu unaanza kupiga kelele umeibiwa.

Masharti ni matatu. Moja, neema asiwe ameingia kwenye mfumo wakati huo, la sivyo amri itakataa na kusema anatumiwa na programu fulani. Ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya sudo. Mbili, /data iwepo tayari, lakini /data/neema ISIWEPO. Ukishaitengeneza mwenyewe kwa wema wako, -m itagoma. Tatu, diski hiyo iwe imepangwa kwa mfumo wa Linux kama ext4, si ule wa flashi. Sababu inakuja chini.

Ila kwa Ubuntu mimi nashauri njia nyingine, maana programu za aina ya snap, Firefox ikiwa mojawapo tangu toleo la 21.10, zimezoea nyumba ziwe ndani ya /home, ukizipeleka kwingine zinaweza kugoma kuwaka. Badala ya kubadilisha anwani, unaacha anwani ileile na kubadilisha diski iliyo nyuma yake. Kama vile unabomoa nyumba ya tope na kujenga ya tofali kwenye kiwanja kilekile, barua zinakuja palepale.

Tuseme kipande cha diski mpya ni /dev/sdb1 na kimeshapangwa kwa ext4. Hakikisha kwa lsblk -f, usibahatishe herufi, ukikosea unafuta diski nyingine. Halafu:

cd /
sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo rsync -aX /home/ /mnt/
sudo blkid /dev/sdb1

Ya mwisho itakupa namba ndefu ya utambulisho, UUID. Iweke kwenye faili /etc/fstab, mstari mmoja hivi:

UUID=namba-yako-hapa /home ext4 defaults 0 2

Kisha:

sudo umount /mnt
sudo mv /home /home.zamani
sudo mkdir /home
sudo mount -a

Angalia ls /home. Kama watu wote wapo, washa kompyuta upya, tumia siku mbili tatu, ukiridhika ndipo ufute /home.zamani. Usifute siku hiyo hiyo kwa furaha. Na fanya kazi hii ukiwa umefunga programu zote, ikiwezekana umetoka kwenye skrini ya picha na kuingia ile ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3.

KWA WALE WA SIMU

Wengi siku hizi hamna hata haja ya kafe, mnatumia Termux kwenye Android. Nyumbani kwa Termux ni hapa:

/data/data/com.termux/files/home

Ni chumba cha ndani cha programu hiyo, programu nyingine haziingii. Usalama mzuri, lakini ukifuta Termux, nyumba nzima imekwenda nayo. Usijaribu kuihamishia kwenye sehemu ya picha na muziki, huko ruhusa za kuendesha mafaili hazipo na njia za mkato hazikubali, vitu vitakuvunjikia. Bora iache pale na uwe unatoa nakala:

termux-setup-storage
tar -czf ~/storage/shared/kazi.tar.gz -C ~ kazi

Ya kwanza unaifanya mara moja, simu itakuuliza ruhusa. Ya pili inafunga folda ya kazi kama furushi na kuliweka kwenye hifadhi ya simu, hapo unaweza kulituma kokote.

MITEGO MINNE

1. Nyota haichukui vilivyojificha. Ukiandika cp -a /home/neema/* /data/neema/ utaacha nyuma vyote vyenye nukta mbele ya jina. Mipangilio, funguo, vyote. Andika nukta badala ya nyota:

cp -a /home/neema/. /data/neema/

2. Flashi haijui ruhusa. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuandika hili ni la nani na nani asilisome. Ukiweka funguo za ssh humo ukazitumia kwenye Linux, ssh itakwambia ufunguo uko wazi kwa watu wote na itakataa kuutumia. Haijaharibika, inakulinda.

3. Flashi inapotea. Ukishaifanya nyumba, akiiokota mtu ameokota nyumba na funguo zake. Ufunguo wa ssh uwekee nywila yake. Na usiichomoe kabla ya kuiambia Windows kwamba unaitoa, unaweza kuharibu faili ulilolihifadhi dakika moja iliyopita.

4. Kuhama si kunakili. Nyumba kwenye flashi bado ni nyumba moja. Ikiungua imeungua. Weka nakala ya pili mahali pengine, hata kwenye barua pepe yako mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe likiwa moja linapotea vilevile.

KISWAHILI KINAFAA HAPA

Kuna jamaa kafe aliniambia mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili, lazima Kiingereza. Nikamjibu hajui historia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kuandika, mahesabu, mawasilisho, menyu zote Kiswahili. Na hilo neno Ubuntu lenyewe ni la Kibantu, ndugu ya utu wetu. Kama "nyumbani" si neno la kompyuta, basi sijui lipi ni neno. Kila Mtanzania anajua nyumbani ni pale unaporudi ukiwa umechoka na kukuta vitu vyako ulivyoviacha. Ndiyo maana ya cd.

MAMA ALISEMAJE?

Najua mnasubiri hii. Nilikwenda kesho yake asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umemaliza?" Nikamweleza yote, umeme, kugandishwa, kila kitu. Hakuelewa habari za kugandishwa. Akanyamaza, halafu akaniuliza swali moja tu: "Sasa hayo majina yetu yako wapi, kuna mtu anayasoma?"

Wadau, hakuuliza elfu thelathini. Aliuliza hilo. Na mimi mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria kabisa, nilikuwa nalilia kazi yangu.

Nikamjibu hapana mama, yamefutika. Akasema, "Basi, bora yamefutika. Kalete lile daftari la kwanza uanze upya." Nikapanda baiskeli mpaka kwa katibu, nikarudi na daftari, nikaandika yote tena. Safari hii kila siku nilianza na anza.bat na echo $HOME, na jioni flashi nilikuwa naitoa mfukoni naiweka juu ya meza ya mama mwenyewe, akae nayo yeye. Pesa alitaka kunilipa, sikuchukua. Ile ni ada ya shule.

Sasa zamu yenu. Mashine za kafe unayotumia zimegandishwa au hazijagandishwa? Muulize mhudumu LEO, halafu andika hapa chini ili wenzako wa mji huo wajue, ila jina la kafe usilitaje, taja mji tu tusije tukagombana na wenye biashara zao. Na kama anza.bat imekukatalia, nakili maneno ya kosa linaloonekana uyaweke kwenye maoni, nitajibu nikipata saa ya kafe.

Nawasilisha.